Jina la Dola Tatu

Wifi yangu anasaga unga wa lishe Morogoro. Mwaka juzi nilimkuta sebuleni kwake, amekaa mkekani na wasichana wawili, katikati yao rundo la paketi tupu, wanabandika stika. Stika nyeupe, ndogo kama kucha ya kidole gumba, moja baada ya nyingine, kwenye paketi elfu tatu. Kila stika ilikuwa inafunika mstari mmoja tu, ule wa chini kabisa wenye anwani ya tovuti yake.

"Usiulize," aliniambia kabla sijavua viatu. Nikauliza.

Kijana aliyemtengenezea tovuti alikuwa amemchukulia jina la .com kwa bei ya ofa, dola 3, kwa kadi yake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe. Mwaka ulipoisha, bei ya kulipia tena ilikuwa dola 19. Ujumbe wa kukumbusha ulikwenda kwa kijana, ambaye wakati huo alikuwa ameshapata kazi Dubai na laini ya Tanzania ameiacha ife. Jina nalo likafa. Baada ya miezi michache likafufuka mikononi mwa watu wa kubeti. Mama mwenye mtoto wa miezi minane anayetaka kujua uji unapikwa kwa maji kiasi gani akawa anakutana na mkeka wa mechi za Jumamosi.

Wifi aligundua kwa kupigiwa simu na mteja wa Dodoma, tena mama wa kanisani.

Kazi ya kumtafutia jina jingine ikaniangukia mimi, na kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika bei kwenye daftari, niliandika. Haya ninayoyasema yametoka humo, na mengine nimeyaelewa baadaye, nilipojiuliza kwa nini duka la mtandaoni lililoko ng'ambo linauza kitu kilekile kwa chini ya robo ya bei ya muuzaji wa Dar es Salaam.

Kwanza tuelewane tunacholipia. Watu husema "nimenunua domeini". Hujanunua. Umepanga, kama unavyopanga fremu Kariakoo. Kodi ni ya mwaka, mwenye jengo ni mwingine, na ukichelewa kulipa utakuta mwenzio ameshapanga nguo zake. Hata kilemba kipo: jina fupi, zuri, ambalo mtu alishaliwahi, utaachiwa kwa hela ya kumtoa, si kwa bei ya rafuni. Mwenye jengo anaitwa rajisi. Chini yake wapo wasajili, yaani madalali wenye kibali. Chini ya wasajili wapo mawakala, madalali wa madalali. Wewe uko chini kabisa, na kila ngazi iliyo juu yako inakata chake.

Jengo la .com ni la kampuni ya Verisign ya Marekani. Hakuna msajili duniani, mkubwa wala mdogo, anayeipata .com chini ya bei ya Verisign. Mwaka 2020 bei hiyo ilikuwa dola 7.85 kwa mwaka. Ikapanda mara nne mfululizo, kila Septemba, na Septemba 2024 ikafika dola 10.26, ongezeko la zaidi ya asilimia 30. Mkataba unairuhusu kupandisha hadi asilimia 7 kwa mwaka katika miaka minne ya mwisho ya kila kipindi cha miaka sita, na haijawahi kuona haya kuitumia ruhusa hiyo. Juu ya hapo kuna senti za ICANN, shirika linalosimamia mpangilio mzima wa majina, ambazo zilikuwa senti 18 kwa jina hadi katikati ya 2025 zilipofanywa 20.

Jumlisha: dola 10.46. Nikifanya dola moja kuwa shilingi 2,500 ili hesabu isitutese, hiyo ni shilingi 26,150 kabla muuzaji hajaweka hata senti ya faida, kabla ya mshahara wa anayepokea simu, kabla ya VAT.

Sasa rudi kwenye dola 3. Anayekuuzia .com kwa dola 3 anatoa mfukoni dola saba na kitu. Hajakupenda. Anajua kuwa mwaka ujao jina litakuwa limeshachapwa kwenye paketi, kwenye risiti, kwenye mlango wa gari, na utalipa chochote atakachotaja. Ndiyo maana bei ya mwaka wa kwanza haina maana yoyote katika kulinganisha. Kwenye daftari langu niliifuta kwa kalamu nyekundu na kuandika bei ya miaka mitano.

Nilikuwa na wauzaji wanne. Wa kwanza ni huyo wa ofa: dola 3, halafu dola 19 mara nne, jumla dola 79. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, ambayo wakati ule wauzaji wa huduma za mtandao walioko nje walitakiwa kuitoza mteja wa Tanzania, inakuwa dola 93 na senti 22, yaani shilingi 233,050. Wa pili naye wa nje, hana ofa wala maneno mengi, dola 14 mwaka hadi mwaka. Kwa miaka mitano na VAT yake ni shilingi 206,500. Wa tatu ni wakala wa Dar es Salaam anayeuza .com kwa shilingi 45,000 kwa mwaka, kodi imo ndani: 225,000. Wa nne ni msajili wa Dar es Salaam pia, lakini huyu aliniuzia .co.tz, shilingi 30,000 kwa mwaka, kodi imo: 150,000.

Nilihesabu mara mbili. Yule wa Dar tuliyekuwa tukimcheka kwa ughali alikuwa amempita wa ofa kwa shilingi elfu nane kwenda chini. Na bado sijahesabu kile ambacho benki inakata inapobadilisha shilingi kuwa dola, wala zile siku ambazo kadi inakataa bila sababu na jina linakaribia kuisha muda. Wakala wa Dar unamlipa kwa simu, kwa namba ya malipo, ukiwa kwenye daladala.

Hapa lazima nimtetee kidogo huyu wakala, maana ughali wake una asili.

Ili uwe msajili kamili wa .com na ndugu zake, unaomba kibali ICANN. Maombi ni dola 3,500, ukikubaliwa au usikubaliwe. Ada ya mwaka ni dola 4,000. Kwa miaka mingi pia ulitakiwa uonyeshe mtaji wa kuendeshea biashara wa dola 70,000, na kulikuwa na sharti la bima ya dola 500,000, ambalo liliondolewa baadaye baada ya wafanyabiashara wa Afrika na kwingineko kulalamika kwamba katika nchi zao bima ya namna hiyo ama haipo ama ina bei ya nyumba. Mwaka 2014 ICANN yenyewe ilikusanya maoni kuhusu namna ya kuikuza biashara hii katika nchi zinazoendelea, na kilio kilikuwa hichohicho: mlango upo wazi, ila kizingiti kimefika kiunoni.

Fanya hesabu ya muuzaji wa Mwanza mwenye wateja 400. Ada ya mwaka ya dola 4,000 ukiigawanya kwa wateja hao, kila jina linabeba dola 10. Yaani kabla hajalipa umeme, gharama yake kwa jina moja ni karibu mara mbili ya bei ya Verisign. Mwenzake wa Marekani mwenye majina laki moja anabeba senti 4. Huyo wa Mwanza atafanya nini? Anakuwa wakala. Anachukua kwa msajili wa ng'ambo kwa bei ambayo tayari ina faida ya mtu, anaongeza yake, na wewe unamwita mwizi.

Ndiyo sababu ya namba za kusikitisha kama hizi: mwaka 2012, ICANN ilipofungua nafasi ya kuomba viishio vipya kabisa, maombi yalikuwa 1,930 na Afrika nzima ilitoa 17. Ada ya ombi moja ilikuwa dola 185,000. Kiishio cha .africa chenyewe kiligombewa hadi kwenye mabaraza ya usuluhishi na mahakama za Marekani, kikafunguliwa kwa umma mwaka 2017, na kinaendeshwa kutoka Afrika Kusini. Si kibaya. Ila sijaona mteja wa unga wa lishe atakayekikumbuka.

Kwenye .tz na .ke mambo ni tofauti, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Viishio vya nchi havipiti kwenye kibali cha ICANN. Msajili wa .tz anapewa kibali na rajisi ya Tanzania, kazi ambayo tzNIC ilianzishwa kuifanya mwaka 2006 na ambayo sasa iko mikononi mwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kenya wana KeNIC. Msajili wa huku analipa kwa shilingi, anasaini mkataba kwa sheria anayoijua, na akikosana na rajisi anapanda gari kwenda ofisini kwao. Kwa hiyo muuzaji wa Dar es Salaam anayekuuzia .co.tz ni dalali mwenye kibali chake, si kivuli cha msajili wa ng'ambo. Faida yake inabaki kuwa yake, na sehemu ya rajisi inabaki nchini. Ukiniuliza ni kwa namna gani mteja wa kawaida anaweza kuisaidia biashara hii isimame hapa kwetu bila kutoa sadaka, jibu ni hili, na uzuri wake ni kwamba katika daftari langu ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

Wakenya wana bahati nyingine ambayo sisi hatuna. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na tangu 2017 wanaweza kuchukua jina moja kwa moja chini ya .ke bila kupitia .co. Hebu fikiria: wanawa.ke. Au wa.ke. Sisi wa .tz tungesubiri hadi kiama kupata neno la Kiswahili linaloishia hivyo. Lakini hilo la moja kwa moja lina bei ya juu kuliko .co.ke, ambayo kwa kawaida mtu huipata kwa shilingi za Kenya elfu moja hivi kwa mwaka. Kwa mwenye duka la kawaida, .co.ke inatosha. Hayo mengine ni ya watu wa matangazo.

Bahati ya herufi si jambo dogo, lakini. Anguilla, kisiwa cha watu wasiofika elfu ishirini, kilipewa .ai zamani kabla mtu yeyote hajajua kuwa herufi hizo zitakuja kumaanisha akili bandia, na mwaka 2023 kilivuna dola zipatazo milioni 32. Kwa upande wa pili kuna jirani zetu wa Kongo, waliokuwa na .zr enzi za Zaire. Nchi ilibadilisha jina 1997 ikapewa .cd, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Ukiwa na tovuti kwenye kiishio cha nchi, jua kuwa umepanga kwenye jengo la serikali ya mtu.

Na kuna majengo yaliyoachwa bila mlinzi. Kampuni moja ya Uholanzi, Freenom, kwa miaka mingi iligawa majina bure kwenye kiishio cha .tk cha Tokelau na kwenye viishio vinne vya nchi za Afrika: .ga ya Gabon, .ml ya Mali, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta. Bure kabisa. Wanafunzi wetu wengi walijifunza kutengeneza tovuti kwenye hizo .tk na .ml, sitakataa. Lakini matapeli nao walijifunzia hapohapo. Kampuni ya Meta ikafungua kesi, usajili mpya ukasimama mwanzoni mwa 2023, na mwaka uliofuata Freenom ikatangaza kuachana na biashara hiyo. Gabon ilipochukua kiishio chake mwezi Juni 2023, majina zaidi ya milioni 7 yalifutwa. Mtu aliyekuwa amejenga biashara yake ya kweli katikati ya milioni hizo aliamka hana anwani. Gabon nayo ikabaki na kiishio ambacho dunia inakinusanusa kama samaki wa juzi.

Kwa hiyo cha bure kiweke pembeni. Sina zaidi la kusema juu yake.

Baada ya kodi ya jina zinakuja zile za pembeni, na hapa wauzaji wote, wa nje na wa ndani, wana mkono mwepesi. Cheti cha usalama, kile kinachofanya kufuli ionekane kwenye kivinjari, wapo wanaokiuza hadi leo kwa makumi ya dola. Shirika la Let's Encrypt linavitoa bure na mitambo mingi inavihuisha yenyewe. Muulize muuzaji kama anaviweka. Akikuambia vya bure si salama, funga mazungumzo. Kuficha jina na simu yako kwenye orodha ya wazi kwa .com, wengine hutoza, wengine hawatozi. Kwa biashara inayotaka kuaminika sioni haja ya kujificha.

Kinachouma kweli ni barua pepe. Watu hukesha wakigombania shilingi elfu tano kwenye bei ya jina, kisha wanajiandikisha kwa huduma ya barua pepe ya ng'ambo inayotoza kwa kila mtu kwa kila mwezi. Tuseme dola 5. Watu watatu ofisini, mwaka ni dola 180, shilingi 450,000. Hiyo ni miaka kumi na mitano ya .co.tz. Wifi alikuwa karibu kuingia humo. Nikamuuliza ni barua pepe ngapi anapokea kwa siku. Mbili, akasema, moja ya benki. Tukachukua visanduku vitatu vinavyokuja pamoja na huduma ya kuhifadhi tovuti, vina nafasi ndogo, na hadi leo havijajaa.

Kuhusu kuhifadhi tovuti yenyewe, hilo ni suala jingine na linastahili makala yake, ila niseme moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na wengi wetu tunakumbuka siku zile: simu mkononi, mtandao hakuna. Tovuti iliyohifadhiwa Dar es Salaam, ikisomwa na mtu wa Dar es Salaam, inaweza kupita kwenye kituo cha kubadilishana mawasiliano, TIX, bila kugusa bahari. Iliyohifadhiwa Ulaya haina njia hiyo. Kama wateja wako wako Msamvu na Kihonda, humohumo Morogoro, kwa nini unga wako uende Ulaya na kurudi?

Wauzaji wa nyumbani nao si malaika. Niliwapigia watatu siku ya Ijumaa saa kumi jioni, makusudi. Mmoja simu iliita mpaka ikakata. Wa pili alipokea, akaniambia "nitumie WhatsApp", nikatuma, akajibu Jumatatu. Wa tatu alipokea na alijua anachosema. Huyo ndiye tuliyemchagua. Kuna mwingine ambaye tovuti yake mwenyewe, ya kampuni inayouza tovuti, cheti chake kilikuwa kimeisha muda, kivinjari kinanionya nisiingie. Nilicheka peke yangu. Dukani unamwangalia muuza viatu miguuni.

Lakini kipimo kikubwa kuliko bei na simu ni hiki: jina litaandikwa la nani? Kila jina lina kumbukumbu kwa msajili wake, na sehemu ya kumbukumbu hiyo inaonekana wazi ukiitafuta mtandaoni. Kuna mstari wa mmiliki. Kuna mstari wa barua pepe ya mawasiliano. Kuna tarehe ya kuisha. Ningeifungua ile ya zamani ya wifi, kabla jina halijachukuliwa, ningeona jina la kijana, barua pepe ya kijana, na hakuna mahali popote palipoandikwa unga, lishe wala Morogoro. Kisheria fremu ilikuwa ya kijana. Wifi alikuwa mgeni aliyekaribishwa kuuza unga kwenye baraza lake.

Sidhani kijana alikuwa na nia mbaya. Ndivyo wanavyofanya wengi: ana kadi, ana akaunti, anawachukulia wateja wote humo humo. Siku akipata kazi nzuri, wateja ishirini wanakuwa yatima.

Je, ingewezekana kulirudisha? Kwa .com kuna muda wa huruma. Baada ya kuisha, msajili anaweza kukuachia hadi siku 45 ulipe kama kawaida, kisha kunakuja siku 30 za kukomboa, ambapo unalipa faini ambayo mara nyingi inapita dola 80, kisha siku 5 za mwisho, kisha linaachiwa kwa yeyote. Wifi hakujua hata kimoja kwa sababu taarifa zote zilikwenda Dubai. Likishachukuliwa, unaweza kulalamika WIPO, shirika la dunia la haki miliki, Geneva, ambako shauri la jina moja mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500, na unatakiwa uwe na haki ya alama ya biashara. Wifi alikuwa na cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili, vina fomu mbili na ada mbili, na yeye alikuwa nacho kimoja tu. Tulimwandikia dalali wa jina lile tukijifanya hatuna haraka. Akataja kilemba cha dola 900. Mashine mpya ya kufungia paketi ni bei ya chini ya hapo, akasema wifi, na mjadala ukaishia jikoni.

Kwa hiyo tukachukua .co.tz. Nilimkalisha yeye mwenyewe mbele ya kompyuta, si mimi, si kijana mwingine. Akaandika jina la biashara yake kwenye mstari wa mmiliki, akaweka barua pepe mbili, yake na ya binti yake anayesoma Iringa, akalipa kwa simu miaka miwili kwa mpigo: shilingi 60,000. Namba ya siri ya akaunti akaiandika nyuma ya kalenda ya ukutani, jambo ambalo wataalamu wa usalama watanirarua kwalo, lakini kalenda ile haijawahi kuhamia Dubai.

Kama angekuwa anauza kahawa kwa Wajerumani au anapokea watalii wa Mikumi, ningemwambia achukue na .com, kwa yule wa dola 14 asiye na maneno mengi, iwe inaelekeza watu kwenye .co.tz yake. Kwa unga unaoishia Chalinze na Dodoma, hapana. Wateja wake wengi bado wanapiga simu.

Stika ziliisha kwenye paketi ya elfu mbili mia saba na kitu. Zile zilizobaki walitumia plasta ya kidonda, wakaikata vipande vipande. Moja ninayo hapa mezani. Ukiibandua kwa uangalifu, anwani ya watu wa mikeka bado inasomeka vizuri kabisa.